Kipimo cha damu cha mdudu wa tumbo: karatasi inasema nini na haisemi nini

Safu yetu ya afya na usafi wiki hii inaanzia Kiembe Samaki, Unguja, katika nyumba iliyo ndani kidogo ya barabara ya Uwanja wa Ndege. Ukishuka daladala ya 505 unatembea kwa miguu dakika chache tu. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alitutolea bahasha ya kaki anayoiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Ndani mlikuwa na karatasi nne za maabara. Zote zimegongwa muhuri, zote zimeandikwa H. pylori, na zote zina jibu moja: pozitivu. Ya kwanza ni ya mwaka 2022 na ya mwisho ni ya 2024.

Baina ya karatasi hizo amemeza dozi nzima ya dawa mara tatu. Kila akimaliza hurudi kupima, na kila akipima huambiwa bado. Ramadhani mbili hakufunga. Fedha alizotumia, kwa maneno yake, zingetosha kuezeka jiko upya. Lakini kilichomuumiza zaidi si fedha.

"Mwanangu, mdudu huyu hanitoki," alisema. "Nishamwambia baba yao, hii pengine ndiyo saratani yenyewe, nyie mnanificha tu."

Tuliziangalia karatasi zake moja moja. Vipimo vyote vinne vilikuwa vya damu. Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu ya makala haya, kwa kuwa mama huyu hayuko peke yake. Kaa baraza yoyote ya Kiembe Samaki, Mwanakwerekwe au Jang'ombe, hukosi kumsikia mtu aliyepimwa "mdudu wa tumbo" kwa tone la damu, akatibiwa, kisha akapimwa tena kwa damu ili ajue kama amepona. Swali hilo kipimo cha damu hakiwezi kulijibu.

MDUDU MWENYEWE

Jina lake kamili ni Helicobacter pylori. Ni bakteria mdogo aliyejipinda mfano wa skrubu, anayeishi katika ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba hakuna bakteria anayeweza kukaa humo kwa ukali wa tindikali, na kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na pilipili, ndimu na mawazo. Wazee wetu walisema hivyo hivyo, na hadi leo mtu akilalamika tumbo linawaka moto, la kwanza huambiwa aache urojo.

Walioyageuza mambo ni Robin Warren na Barry Marshall, madaktari wa hospitali ya Royal Perth huko Australia. Warren alimwona bakteria huyu katika vinyama vilivyokatwa matumboni mwa wagonjwa. Mwaka 1982 wakafanikiwa kumuotesha maabara, tena kwa bahati: vyombo vya kuoteshea viliachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu ya Pasaka, na bakteria huyu ni mzito wa kukua. Walipoona hawaaminiwi, mwaka 1984 Marshall alikunywa yeye mwenyewe maji yenye bakteria hao. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na alipochunguzwa kwa kamera tumbo lake lilikutwa limepata uvimbe na bakteria wamo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Msomaji asijaribu nyumbani.

Siri ya mdudu huyu kuishi ndani ya tindikali ni kimeng'enya chake kiitwacho yurease. Kimeng'enya hicho huigeuza yurea iliyomo tumboni kuwa amonia, ile yenye harufu kali, na amonia hupunguza makali ya tindikali pale pale alipo. Tulikumbuke jambo hili, tutalihitaji mbele.

Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wote duniani wamebeba bakteria huyu, na Afrika ni zaidi ya hapo. Wengi wao hawaumwi chochote mpaka wanaingia kaburini. Karibu mmoja katika kumi ndiye hupata kidonda cha tumbo. Saratani ya tumbo huwapata wachache zaidi ya hao, ingawa ni kweli kwamba mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimtaja H. pylori kuwa ni miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hofu ya mama yetu haikutoka hewani. Ila karatasi yenye neno pozitivu haisemi kwamba mtu ana saratani, wala haisemi kwamba ana kidonda. Kidonda huonekana kwa kamera, na hata hiyo saratani hutambuliwa kwa kamera na kinyama kinachokatwa, hazionekani katika tone la damu.

DAMU INAPIMA NYAYO

Kuna kosa jingine la kuondoa kwanza. Watu husema "nina bakteria kwenye damu" kwa sababu wamepimwa damu. Mdudu huyu hakai katika damu. Kinachotafutwa katika damu ni kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza dhidi yake baada ya kukutana naye. Tone la damu huwekwa kwenye kikaratasi cha kipimo, na baada ya dakika kumi hadi kumi na tano huangaliwa mistari. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na askari hawakuonekana. Mistari miwili, C na T, maana yake wapo.

Lakini askari hawa hawaondoki siku adui anapouawa. Wanapungua kidogo kidogo, na kipimo huendelea kuwaona kwa miezi mingi, kwa wengine miaka. Ni kama kupita pwani asubuhi ukakuta nyayo mchangani. Nyayo zinakwambia mtu amepita. Hazikwambii kama bado yupo nyuma ya mnazi au ameshapanda daladala kitambo na kwenda zake.

Tusikionee kipimo hiki hata hivyo. Ni cha bei nafuu, hakihitaji mashine kubwa wala umeme wa uhakika, na katika nchi ambazo mdudu ni wengi, mtu ambaye hajawahi kutibiwa akionekana na kingamwili, uwezekano wa kuwa naye kweli ni mkubwa. Jibu la negativu nalo lina faida, kwani huelekeza daktari atafute sababu nyingine ya maumivu. Isitoshe, dawa za kupunguza tindikali haziwezi kukivuruga kama zinavyovivuruga vipimo vingine, na ndiyo maana wakati mwingine madaktari hukitumia kwa mgonjwa anayetoka damu tumboni. Miongozo ya kitabibu ya miaka ya karibuni inapendelea vipimo vinavyomtafuta mdudu mwenyewe, lakini mahali ambapo damu ndiyo iliyopo, kwa mtu anayepimwa mara ya kwanza, ni afadhali kuliko kubahatisha.

Kisichokubalika ni kukitumia kuangalia kama dawa zimefanya kazi. Mama wa Kiembe Samaki huenda alipona tangu dozi ya kwanza mwaka 2022. Karatasi tatu zilizofuata zilikuwa zinahesabu nyayo zile zile, naye akawa anamezeshwa antibaiotiki za kumuua mdudu ambaye pengine alishakufa.

Jambo jingine linalosahauliwa: si kila tumbo linalouma lina mdudu. Mwaka 2016 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha matokeo ya kupima damu za wagonjwa 202 waliofika hospitalini hapo kwa maumivu ya tumbo la juu. Waliokuwa na kingamwili walikuwa kama wanne katika kila kumi. Maana yake ni kwamba sita katika kumi walikuwa wanaumwa tumbo, na hata nyayo za mdudu hazikuonekana kwao.

OMBA KIPIMO KWA JINA LAKE

Kipimo kinachoweza kujibu kama mdudu yupo sasa, na ambacho hakimsumbui sana mgonjwa, ni cha choo kikubwa kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya mdudu mwenyewe vinavyotoka na haja. Hapa lazima msomaji awe mwangalifu. Ukienda maabara ukasema tu "nimekuja kupima choo," watakiangalia chini ya darubini kutafuta minyoo na amiba, watakupa jibu lao, na utarudi nyumbani ukidhani umepimwa H. pylori. Sema waziwazi: nataka antijeni ya H. pylori ya choo. Na ukipewa karatasi, soma herufi zilizoandikwa mbele ya jina. Ikiwa ni Ab au IgG, hiyo ni kingamwili, yaani nyayo. Ikiwa ni Ag, hiyo ni antijeni, yaani mdudu.

Kipimo cha pili ni cha pumzi. Mgonjwa hunywa yurea iliyotiwa alama maalumu, kisha hupuliza. Kama mdudu yupo, ile yurease yake tuliyoitaja juu huivunja yurea, na hewa yenye alama hutoka na pumzi. Ni kipimo kizuri sana, ila mashine zake ni za gharama na hazipatikani kila mahali kwetu. Cha tatu ni endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, ambao hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando. Huu ndio unaoonyesha kidonda kwa macho na kukata kinyama cha kupimwa.

Vipimo vyote vitatu vina sharti moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Omeprazoli na ndugu zake zisimezwe kwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibaiotiki yoyote, hata uliyomeza kwa kikohozi au mkojo, iwe imepita angalau wiki nne. Usipofanya hivyo mdudu hupungua na kujificha, kipimo kikasema hayupo naye yupo. Katika wiki hizo mbili, ikiwa kiungulia kinakuzidi, dawa za kutafuna au za maji za kupoza tindikali zinaruhusiwa. Anayemeza omeprazoli kwa sababu aliwahi kutoka damu tumboni asiache mpaka azungumze na daktari wake.

DAWA ZIMEZWE ZOTE

Kwa aliyethibitika kuwa naye, tiba ni mchanganyiko: dawa ya kupunguza tindikali pamoja na antibaiotiki mbili, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa amoksilini pamoja na klarithromaisini au metronidazoli. Zamani zilitolewa siku saba, sasa hupendekezwa siku kumi na nne. Tatizo ni usugu. Watafiti wa Mwanza walichapisha mwaka 2019 kuhusu wagonjwa ambao dawa hizi hazikuwaponya, na mdudu sugu kwa klarithromaisini alikuwa ni sehemu ya sababu. Ndiyo maana sehemu nyingi sasa wanatumia dawa nne zenye bismathi ndani yake. Bismathi huufanya ulimi na choo kuwa cheusi, na hilo halina madhara. Metronidazoli na klarithromaisini huacha ladha chungu kama ya chuma mdomoni. Watu wengi huacha dawa siku ya nne kwa ladha hiyo tu, na wakati mwingine wanampa jirani zilizobaki. Mdudu aliyeonjeshwa dawa nusu ndiye anayekuwa sugu.

Wasomaji wetu wamekuwa wakiuliza kuhusu vidonge vya omeprazoli vyenye ganda la jelatini. Anayetia shaka na ganda hilo amwambie mfamasia, kwani zipo dawa za kundi hilo hilo, kama pantoprazoli, zilizo katika umbo la kidonge kikavu kisicho na ganda la jelatini.

Na habbat sauda je? Mwaka 2010 jarida moja la Saudi Arabia la magonjwa ya tumbo lilichapisha utafiti mdogo uliowapa wagonjwa habbat sauda ya unga pamoja na omeprazoli. Kundi lililofanya vizuri zaidi, lililomeza gramu mbili kwa siku, walipona kama 67 kwa mia. Waliomeza dozi ya hospitali walipona zaidi ya 80 kwa mia. Kwa hiyo mbegu hiyo ina kitu ndani yake, na hatushangai, lakini mwenye kidonda asiiweke mahali pa dozi. Asali na karafuu, kwa wanaouliza, tunazipenda, ila hatuwezi kumwambia mtu kwamba zitamtoa mdudu huyu.

RAMADHANI

Mwenye kidonda kibichi au anayetoka damu asifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an, katika Suratul Baqara, na kuikataa si uchamungu. Lakini kuwa na H. pylori peke yake, bila kidonda wala maumivu makali, si sababu ya kuacha kufunga, na wengi wanafungulishwa kwa karatasi ya damu tu. Dozi ya dawa tatu humezwa asubuhi na jioni, hivyo inaingia vizuri katika daku na futari: fungua kwa tende na maji, meza dawa ya tindikali, nenda kasali Magharibi, ukirudi ni kama nusu saa imepita, kula kisha umeze antibaiotiki. Dawa nne zenye bismathi humezwa mara nne kwa siku na ni shida kuzipanga. Kama hali inaruhusu, daktari anaweza kusogeza tiba hadi baada ya Idi. Kutoa damu kidogo ya kipimo hakuharibu saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi. Endoskopi ni jambo jingine, bora ifanywe usiku au nje ya Ramadhani, na mwenye dharura amuulize sheikh wake.

Mdudu huyu hupatikana zaidi utotoni, ndani ya nyumba, kutoka mdomo hadi mdomo, au kwa matapishi na choo kinapofika kwenye chakula na maji. Kwa hiyo sabuni baada ya istinja, na siyo maji matupu. Kisima kiwe mbali na karo. Maji ya kunywa yachemshwe. Kula sinia moja hatukatazi, mikono ioshwe tu. Ila tabia ya bibi kumtafunia mjukuu chakula kisha kumlisha, hiyo tunaomba ikome kwa heshima zote za bibi. Pondaponda kwa kijiko, inatosha.

Na yapo mambo ambayo hayasubiri kipimo cha choo wala cha damu. Choo cheusi kama lami ilhali humezi bismathi wala vidonge vya madini ya chuma, kutapika damu au kitu mfano wa kahawa iliyosagwa, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, kupungukiwa damu, au maumivu mapya kwa mtu mzima wa umri wa mama yetu: huyo aende hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake, na aulizie kamera.

Mama wa Kiembe Samaki hakuwa na hata moja kati ya hayo ila umri na maumivu. Alikubali kuacha omeprazoli wiki mbili, ambazo anasema zilikuwa ndefu kuliko mwezi, kisha akapeleka choo na kuomba antijeni kwa jina lake. Jibu: negativu. Daktari aliyemwona baada ya hapo hakuanza na tumbo. Alimuuliza kuhusu magoti. Ikabainika kwamba kwa miaka mitatu mama amekuwa akinunua diklofenaki duka la dawa, anameza asubuhi na usiku ili aweze kurukuu na kusujudu, na hakuna aliyewahi kumuuliza naye hakuona kama ni jambo la kusema. Dawa hizo za maumivu, pamoja na aspirini na brufeni, ndizo sababu kubwa ya pili ya vidonda vya tumbo baada ya H. pylori, na damu haiwezi kuzionyesha.

Diklofenaki ilisimamishwa, akapewa parasetamoli na dawa ya tindikali kwa wiki nane, akaandikiwa pia kwenda kuangaliwa kwa kamera kwa sababu ya umri wake. Kilikutwa kidonda kimoja kidogo, kinapona, na kinyama kilichokatwa hakikuwa na mdudu wala saratani. Magoti bado yanamsumbua, sasa anasali kwenye kiti. Tulipokwenda kumuaga alikuwa na kalenda mkononi, anahesabu siku za Ramadhani mbili anazodaiwa, akapanga kuanza na Jumatatu na Alkhamisi.